Usimwambie aache, mwulize inamlipa nini

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha washauri nasaha na wazazi, nayaweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Michoro niliyokuwa naonyesha ukutani nimeiacha, hamjapoteza kitu.

Habari zenu jamani. Wa nyuma huko sogeeni mbele, viti vipo, na leo siiti mtu kusimama kujibu.

Ila nina swali. Nani humu ndani hajawahi kuambiwa "acha"? Acha kung'ata kucha, acha kununa, acha pombe, acha hiyo simu, acha hasira, acha uvivu. Hakuna. Haya, nani aliambiwa acha, akaacha hapohapo, ikaisha mpaka leo? Mnacheka. Mnacheka kwa sababu jibu tunalijua wote, na tukitoka hapa bado tutaenda kumwambia mtu acha, akishindwa tutasema ah, tabia ni kama ngozi, huyo ndivyo alivyo, tunafunga faili.

Mimi hilo la ngozi silikubali. Tabia inabadilika, tena sana tu, ila huwa haiondoki hivihivi ikaacha nafasi tupu. Inaondoka ikishapata wa kuipokea kazi. Hicho tu ndicho nilichokuja kusema leo, mengine yote ni maelezo.

Tuanze na maiti.

Msishtuke. Kulikuwa na mtaalamu wa tabia, Mmarekani, anaitwa Ogden Lindsley, mwanafunzi wa Skinner, yule mwanasaikolojia wa tabia mnayemsoma vitabuni, na kwenye miaka ya 1960 akaleta kitu ambacho watu wa fani hii wanakiita kipimo cha maiti. Kinasema hivi: kama maiti anaweza kulifanya hilo jambo, basi hiyo si tabia. Sasa pitieni malengo tunayowaandikia wateja wetu. "Asinywe." Maiti hanywi. "Asimpigie mke wake kelele." Maiti hapigi kelele, ni mtulivu kuliko sisi wote humu. "Asiwe na wasiwasi." Nani anamshinda maiti kwa kutokuwa na wasiwasi? Na yule mtoto tunayetaka akae kimya darasani asisumbue, hapo maiti anapata mia kwa mia. Yaani nusu ya malengo yetu yangetimizwa vizuri kabisa na mtu aliyekwisha kufa, halafu aliye hai akishindwa tunamlaumu.

Sisemi mteja akija na "nataka niache" tumkatalie. Karibu wote huja hivyo, hata mimi ningekuja hivyo. Kazi yetu ni swali linalofuata. Sawa, umeacha, imeisha, sasa Jumatatu asubuhi unafanya nini ambacho leo hufanyi? Unaongea na nani? Unakwenda wapi? Wengi hukwama hapo, anakutazama tu, kwa sababu anayajua yote asiyoyataka na hajawahi kuulizwa anachokitaka.

Kuna mtu alilipanga hili vizuri kuliko mimi, Israel Goldiamond wa Chuo Kikuu cha Chicago, kwenye makala yake ya 1974. Alisema unaweza kulitazama tatizo la mtu kwa njia mbili, ama kama kitu cha kuondoa, ama kama sehemu ya kujenga. Ukishika ile ya kuondoa, hatari yake ni kwamba chochote kinachoondoa kinakubalika, iwe dawa ya kumlegeza, iwe adhabu, iwe kufungiwa, maadamu ile tabia haionekani tena basi kazi imekwisha, na hakuna anayeuliza huyu mtu amebaki na nini mkononi. Ile ya kujenga inauliza mambo manne. Unataka kufika wapi, tayari unaweza nini, hatua zinafuatanaje, na nini kitakufanya uendelee. Mimi hilo la pili ndilo nalipenda zaidi, tayari unaweza nini, kwa sababu hakuna mteja anayekuja mikono mitupu, na sisi huwa tunaandika kurasa tatu za anayoshindwa na mstari mmoja wa anayoweza. Goldiamond mwenyewe alipata ajali ya gari akaumia uti wa mgongo, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na mbinu hizihizi akazitumia kwenye maisha yake mwenyewe. Hebu fikirieni, pale utaondoa nini? Hakuna cha kuondoa. Pale ni kujenga tu.

Sasa tuingie penyewe. Inamlipa nini?

Nasema hivi, tabia inayojirudia inalipa. Inayotuudhi inalipa, inayomwumiza mwenyewe nayo inalipa, ingekuwa hailipi ingekufa yenyewe siku nyingi. Hili si jipya, mwanasaikolojia Thorndike aliliona mwaka 1898 na paka wake aliowafungia kwenye masanduku, kitendo kilichofungua mlango kikazidi, visivyofungua vikapungua. Ila tukifika kwa binadamu tunalisahau. Tunauliza "kwa nini yuko hivi?" na majibu yanaanza kumiminika, malezi, ukaidi, damu ya kwao. Mchambuzi wa tabia anauliza maswali madogo zaidi. Kabla tu ya kufanya, kulikuwa na nini? Na baada tu ya kufanya, kulibadilika nini? Kabla, tabia, baada. Nasema tena, kabla, tabia, baada. Ukiondoka na hayo matatu tu leo, mimi nimeridhika.

Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake walifanya kazi na watoto tisa waliokuwa wanajiumiza wenyewe, wanajigonga, wanajing'ata. Badala ya kubahatisha wakawaweka kwenye hali tofautitofauti kwa zamu. Hali moja mtoto akijiumiza mtu anamjia, anamwambia usijiumize na kumgusa kidogo, nyingine akijiumiza kazi aliyopewa inaondolewa, nyingine yuko peke yake, nyingine anacheza na hadaiwi kitu. Wakahesabu. Na kilichoonekana ni kwamba tabia ile ile kwa macho ilikuwa na sababu tofauti kwa watoto tofauti. Huyu anapata watu, yule anakwepa kazi, mwingine hata akiwa peke yake anaendelea, mwili wenyewe ndio unamlipa. Kwa hiyo ukiniuliza "dawa ya mtoto anayejigonga kichwa ni nini" sina jibu, na mwenye jibu la haraka mwogope.

Halafu mwaka 1985 wakaja Edward Carr na Mark Durand, na hii hadithi naomba muisikilize vizuri, mimi huwa naitegemea kuliko zote. Watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji, wote wasumbufu darasani. Wakachunguza wakakuta wengine wanasumbua kazi ikiwa ngumu, wengine wanasumbua mtu mzima akiwa hawatazami. Basi wakawafundisha kusema. Wa kazi ngumu afundishwe kusema "sielewi", na akisema anasaidiwa. Wa kutaka kutazamwa afundishwe kuuliza "nafanya vizuri?", na akiuliza anasifiwa. Usumbufu ukashuka sana. Lakini utamu wenyewe uko hapa, walijaribu pia kuwapa sentensi isiyokuwa yao, yaani yule anayetaka msaada anafundishwa kuomba sifa. Unadhani nini kilitokea? Hakuna. Sentensi nzuri kabisa, ya heshima kabisa, na usumbufu uko palepale. Kwa nini? Kwa sababu haikununua kile alichokuwa anakihitaji.

Sasa tulete kwa watu wazima maana naona wengine mnasema haya ni ya watoto. Chukueni mfano wa kutunga tu. Mume, kila mke akianzisha mazungumzo ya madeni, anapaza sauti. Anafoka mpaka mke ananyamaza anaondoka. Kabla ni neno deni, tabia ni kufoka, baada ni mazungumzo yameisha. Kelele zake zinamnunulia ukimya, mara moja, bila kukosa. Anakuja kwetu tunampa nini? Tunamfundisha kuvuta pumzi. Vuta ndani, toa nje, hesabu mpaka kumi. Jamani, pumzi haimalizi mazungumzo ya madeni! Atavuta, atatoa, akifungua macho mke bado yuko pale na karatasi mkononi. Hiyo pumzi ni sentensi ya mtoto mwingine. Anachohitaji ni njia ya kusimamisha mazungumzo isiyoumiza mtu, kama "naomba tusimame hapa, tuendelee kesho watoto wakilala", na mke akubali kusimama, na kesho wakae kweli waongee dakika kumi tu, maana wasipokaa mke naye atakuwa amejifunza kwamba ile sentensi ni ujanja mpya wa kukimbia na hataipa nafasi tena. (Na nimesema kufoka, sijasema kupiga. Kwenye kupiga kitu cha kwanza ni usalama wa anayepigwa, haya mengine ni baadaye.)

Mnaona kwamba simlaumu huyo mume na wala simsafishi. Nauliza tu inamlipa nini, halafu natafuta kitu kingine kinacholipa hilohilo.

Lakini hapo ndipo wengi tunaangukia pua. Tunapata mbadala mzuri, mteja anakubali, anajaribu siku mbili, anarudi kulekule, tunasema hana nia. Nia! Hebu tuache kidogo hiyo nia. Horner na Day mwaka 1991 walionyesha kwamba mbadala ukitumia nguvu nyingi kuliko tabia ya zamani, au ukilipa mara chache, au ukichelewa kulipa, mtu anarudi kwenye ile ya zamani hata kama ya mpya anaijua vizuri. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu mbadala upambanishe na adui yake. Sigara, unawasha, sekunde chache imeshafika kichwani. Wewe unampa nini? "Anza mazoezi, miezi mitatu utajisikia vizuri." Miezi mitatu dhidi ya sekunde chache, nani anashinda? Mbadala wa kwanza lazima uwe rahisi, ulipe haraka, ulipe karibu kila mara, hata ukiwa mdogo wa kuchekesha. Hayo mazoezi yaje, sikatai, ila yaje nyuma.

Ndiyo maana kwa watu wanaonyofoa nywele au wenye mitikisiko ya ghafla ya misuli, Azrin na Nunn mwaka 1973 walifundisha kwanza mtu aitambue dalili ya mwanzo kabisa, mkono unavyoanza kupanda, halafu hapohapo akunje ngumi ashikilie dakika chache mpaka hamu ipite. Kukunja ngumi kuna ugumu gani? Unaweza kufanya kwenye kikao, kwenye basi, na mkono uliokunjwa ngumi haunyofoi nywele. Basi.

Azrin huyohuyo, safari hii na mwenzake Hunt, mwaka huohuo 1973, waliwachukua watu wenye ulevi mkubwa, na nauliza, pombe inamlipa mtu nini? Inamlipa mengi kwa pamoja, kampani, kicheko, usingizi, kusahau. Utaweka nini hapo, ushauri? Wao waliwatafutia kazi, wakakaa na wenzi wao kurekebisha ndoa, wakawarudisha kwenye familia, na iliyokuwa baa wakaigeuza klabu ya kukutana isiyo na pombe. Baa! Kampani ileile, jioni ileile, ila chupa haipo. Na waliopata hayo walikunywa kidogo na kufanya kazi zaidi kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida tu za hospitali. Neno moja la tahadhari nisije nikasahau, mtu anayekunywa sana kila siku asikatishwe ghafla nyumbani, mwili unaweza kumgeuka vibaya mpaka degedege, huyo daktari amwone kwanza.

Sasa mtaniuliza, na kama huyo mtu hana kabisa ile tabia mpya? Huwezi kulipa kitu ambacho hakipo. Kweli. Basi niwape hadithi ya 1960, ya watafiti watatu, Isaacs, Thomas na Goldiamond, ndiyo, yuleyule Goldiamond.

Mgonjwa wa akili, mwanaume wa miaka 40, yuko wodini, miaka 19 hajatamka neno. Miaka 19! Wanamweka kwenye kikundi cha tiba na wenzake wanaozungumza, anakaa kama ukuta. Siku moja mtaalamu anatoa sigara mfukoni na kwa bahati mbaya paketi ya chingamu inaanguka, na macho ya yule bwana yanasogea kuitazama, halafu yanarudi palepale. Wangapi wetu tungeona? Macho kusogea, ni nini hicho? Yule mtaalamu aliona. Akaanza kukutana naye peke yake mara tatu kwa wiki, anainua chingamu mbele ya uso wake, anangoja. Macho yakisogea anampa. Hakuna hotuba, hakuna "jitahidi kaka". Wiki mbili zikapita, sasa akiinua tu macho yanakuja. Kisha hampi kwa macho peke yake, anangoja midomo icheze, ikicheza anampa. Kisha hampi kwa midomo tu, anangoja sauti, na ikatoka sauti kama ya kukwaruza. Anampa. Kisha anamwambia "sema chingamu, chingamu", na kila sauti inayokaribia kidogo ndiyo inayolipwa. Mwisho wa wiki ya sita, yule bwana akasema mwenyewe, "Chingamu, tafadhali." Na siku hiyohiyo akajibu maswali mengine, jina lake, umri wake.

Huwa nakaa sana kwenye hii hadithi kwa sababu mbili. Ya kwanza mmeshaiona, waliangalia kilichopo, wakaanzia hapo, hata kama ni macho tu. Na ndivyo ilivyo hata kwa mteja wa kawaida mwenye sonona, aliyelala siku nzima na pazia limefungwa. Charles Ferster aliandika mwaka 1973 kwamba kwenye sonona vile vitendo vinavyoleta raha vinapungua na vya kukwepa vinazidi, kitanda kinamlipa kwa kumwepusha na kila kitu, na kadiri anavyokwepa ndivyo kunavyobaki kitu kidogo cha kumfurahisha. Humwambii changamka. Unatafuta macho yake yanasogea wapi. Labda bado anamwagilia ua moja dirishani, labda anajibu ujumbe wa dada yake tu na wengine hajibu, anzia hapo, ongeza hatua moja, iandikeni kwenye ratiba ili isingoje hisia. Na msidhani hii ni tiba ya daraja la pili, Neil Jacobson na wenzake mwaka 1996 walilinganisha tiba kwa watu wapatao 150 wenye sonona kubwa, na hii ya kurudisha vitendo peke yake ikafanya kazi sawa na tiba kamili inayoshughulika pia na mawazo.

Ya pili ndiyo inayoniuma. Yule bwana wa chingamu alikuwa anasema na yule mtaalamu, lakini wodini aliendelea kuwa bubu. Kwa nini? Kwa sababu wodini watu walikuwa wema. Akionyesha koti, wanajua anataka kutoka, wanamtoa. Akiashiria hivi, wanamletea. Wanamwelewa bila kusema, basi aseme ya nini? Ilibidi wengine nao waingizwe kwenye zoezi, wangoje neno badala ya ishara. Kwa hiyo ukimfundisha mtu ofisini kwako kuomba msaada kwa maneno, halafu nyumbani akiomba hapewi, ila akivunja sahani wote wanakuja mbio, mnashindana na nyumba nzima na mtashindwa. Wazazi, hapa nawaangalia ninyi. Wenzi wa watu, nanyi pia.

Na hili lisiwashtue, ile tabia ya zamani mkiacha kuilipa haifi kimyakimya. Inaweza kupanda kwanza. Mtoto aliyekuwa analia dakika tano anaweza kulia nusu saa, na hapo ndipo mzazi anakata tamaa anampa, na sasa amemfundisha kwamba bei mpya ni nusu saa. Ndiyo maana mimi sipendi kabisa ushauri wa "mpuuze tu ataacha" peke yake. Kumpuuza bila kumpa njia nyingine ni kumfungia mtu mlango na dirisha. Kwanza fundisha mbadala, ulipe sana, ukishasimama ndipo ile ya zamani unaacha kuilipa, na kama ni tabia ya hatari, ya kujiumiza au kumwumiza mtu, hapo hakuna cha kupuuza, mtu analindwa.

Kabla sijakaa, kuna mama ameniletea swali kwenye karatasi tulipopumzika. Anauliza, "Na kama nimeangalia nimeshindwa kujua inamlipa nini?" Swali zuri, na wengi mko hapo. Mama, usikisie. Chukua daftari, chora mistari upate safu tatu, kabla, tabia, baada, na kwa wiki moja andika kila inapotokea, saa ngapi, nani alikuwepo, nani alifanya nini baada ya hapo, pamoja na wewe mwenyewe ulichofanya, hicho ndicho watu husahau kuandika. Usiandike "alikuwa mkorofi", andika alichofanya, kwamba alitupa kiatu. Andika pia saa ambazo ungetarajia itokee na haikutokea, maana huko mara nyingi kuna kitu tayari anakifanya vizuri na hakuna aliyekiona. Wiki ikiisha niletee hilo daftari, tukae nalo mimi na wewe, na kama mwanao ni mkubwa wa kutosha naye aje, tumwulize yeye.